Programu Isiyojua Kifaransa

Bwana wangu alianza kuandika kitabu wakati ule mshahara ulipokoma kuja. Tulikaa Shituru, pembeni mwa Likasi, katika nyumba ya kampuni, na dirisha la jikoni kwangu lilitazama kiwanda. Yeye alikuwa mchoraji wa mitambo. Mabomba, matangi, pampu, vyote alivichora kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi kubwa kama shuka, na mafundi wakajenga kwa kufuata mkono wake. Kisha kiwanda kikaanza kulala. Sehemu moja ilizimwa, nyingine ikafuata, na yeye akawa anaitwa kazini siku chache tu kwa juma, anakaa mbele ya meza isiyo na kitu hadi saa ya kurudi.

Kitabu kilitokana na majirani. Miaka michache kabla ya hapo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai waliambiwa warudi kwao. Wengi walizaliwa hapa hapa Likasi na hawakuwahi kuiona hiyo kwao. Walikaa stesheni na magodoro na masufuria yao, juma baada ya juma, wakingoja treni, na treni zilipokwisha kuwabeba, mtaa wetu ulibaki na milango mingi iliyofungwa. Baadaye watu wengine waliingia katika nyumba hizo, wakapika, wakazaa. Siku moja bwana wangu alimsikia mama mmoja mgeni akisema kwamba nyumba yake haikuwahi kukaliwa na mtu kabla yake. Aliingia ndani bila kumjibu, akatoa karatasi za kuchorea, akaandika juu ya nyumba ile: nani alikaa humo, walitoka wapi, Jumapili walikula nini, waligombana na nani na kwa sababu gani. Kesho yake akaandika juu ya nyumba iliyofuata.

Aliandika kwa Kiswahili chetu cha Likasi, si kile cha Misa. Mimi nilifurahi. Mwanamume asiye na kazi akikaa nyumbani na kalamu ni afadhali kuliko akikaa kwa wauza pombe ya lutuku. Tena alikuwa akinisomea. Mimi nilishona nguo za watu, kazi niliyofundishwa na masista wa Kapolowe, kijijini kwetu, nilipokuwa msichana. Basi mguu wangu ukiwa kwenye cherehani na yeye akiwa kwenye kiti, alisoma ukurasa, nami nikamsahihisha. Nikamwambia yule mzee hakuwa fundi wa umeme, alikuwa dereva wa gari-moshi. Au kwamba wale mabinti walikuwa wanne, mmoja amemsahau. Alifuta, akaandika upya. Sikujiona mtu wa maana katika kitabu kile, lakini hakuna neno lililoingia humo bila kupita kwanza katika masikio yangu.

Mambo yaligeuka siku padri wa parokia alipomwambia kwamba angeweza kupeleka kazi ile kwa mapadri wenye mtambo wa kuchapa vitabu Lubumbashi, lakini si kwa mwandiko wa mkono. Lazima ipigwe kwa mashine. Ndipo bwana wangu alipomkumbuka sekretari mmoja wa zamani wa ofisi za kampuni.

Mwanamke huyo alikuwa na chumba kidogo mjini, karibu na posta, na ndani yake kompyuta na mashine ya kuchapa. Alivipata ofisi yao ilipofungwa, badala ya malimbikizo ya mshahara. Watu walimwendea kwa barua za kuomba kazi na mialiko ya arusi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa. Bwana wake alikuwa mtu wa Kasai, akaondoka na mojawapo ya treni zile, akaahidi kumwita akipata pa kukaa. Hakumwita. Yeye akabaki Likasi, si mjane, si mwenye bwana.

Nilimuuliza bwana wangu tutamlipa nini mwanamke huyo. Alijibu kwamba hatutalipa kitu. Alikuwa amesoma kurasa za kwanza na kusema kazi hiyo ataifanya bure. Miaka ile hata maji ya kunywa yalikuwa na bei. Mtu aliyesema bure, ulimtazama mara mbili.

Bwana wangu akawa anaenda kila alasiri. Alivuka reli, akapanda hadi mjini kwa miguu na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akarudi jua likielekea kuzama. Mwanzoni aliniambia aliyoyaona huko, naye alisimulia kama mtoto aliyetoka kuona sinema. Kompyuta ile ilikuwa na programu kubwa ya kuandikia, ya kununua Ulaya kwa fedha ambayo sisi hatukuwahi kuigusa. Ilihamisha aya nzima kutoka chini hadi juu. Ilinyoosha kingo za ukurasa. Tena ilikuwa na kamusi ndani yake, na ukiiambia ikague maandishi, ilisimama kwenye kila neno ililoona limekosewa, ikakupa neno lingine.

Lakini kamusi ile ilikuwa ya Kifaransa. Ilisimama kwenye maneno yetu yote, moja baada ya jingine. Kwenye "mutoto" ilipendekeza injini ya gari. Kwenye "bukari", ugali wetu, ilipendekeza meza ya ofisi. Bwana wangu alinihadithia hayo huku akishika mbavu. Yeye na yule mwanamke walikuwa wameiacha mashine isahihishe ukurasa mzima kwa makusudi, wakausoma kwa sauti, wakacheka hadi mteja aliyengoja mlangoni akauliza kama kuna msiba au sherehe.

Nilitabasamu ili asione uso wangu. Tangu kiwanda kianze kulala sikuwa nimemsikia akicheka namna hiyo, na sasa kicheko kilikuwa kimerudi, lakini kimerudi kule mjini, na mimi niliambulia masimulizi yake.

Baada ya hapo masikio yangu yakawa makali. Nilianza kulisikia neno moja dogo. Zamani alisema: nimeandika, nimefuta. Sasa akawa anasema: tumeandika, tumefuta. Leo tumebadilisha mwanzo. Ile nyumba ya kona tumeiweka nyuma. Nilimuuliza siku moja, mikono yangu ikiwa ndani ya majani ya sombe, huyo "tu" ni nani. Hakuelewa swali. Alinijibu kwamba ni kitabu. Na kusomewa kulikwisha, si kwa ubaya; alisema tu kwamba kurasa ziko mjini, kwenye mashine, na huwezi kubeba mashine begani.

Nikaamua kwenda kujionea. Nilipika visingizio njia nzima: nilikuwa nimempelekea mwavuli, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilimkuta mwanamke peke yake. Bwana wangu alikuwa ametoka kutafuta karatasi kwa Wahindi. Chumba kilikuwa safi, pazia limefuliwa, na kando ya kiti chake kulikuwa na kiti cha pili, kimesogezwa karibu kabisa, na mto mdogo juu yake. Nilikitazama kile kiti. Nilijua ni cha nani.

Alisimama kunipokea kwa heshima, akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita yaya, kama mdogo anavyomwita dada yake. Sikumwona mrembo. Nilitaka awe mrembo, ningejua la kufanya. Alikuwa mwembamba, macho yamechoka, vidole vyake vizuri. Tuliulizana habari za watoto na za mvua. Kisha akashusha sauti.

"Yaya, pole na ule mutoto wenu wa kwanza," alisema. "Ile ukurasa niliipiga na kulia."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilisema asante. Niliweka mwavuli juu ya kiti chenye mto, nikatoka.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alikufa kabla hajaanza kukaa, asubuhi moja, bwana wangu akiwa kiwandani. Tangu siku ya mazishi, mimi na bwana wangu hatukulizungumza jambo lile. Si kwamba tulikatazana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na miaka ikapita, na watoto wengine wakaja, na jambo likakaa kati yetu kama kabati zito ambalo mtu amelizoea na kulizunguka. Sasa alikuwa amelisema. Amelisema kwa mwanamke wa karibu na posta, na yule amelia, na wao wawili wamekaa pale na kilio hicho. Ningekuta nywele zake kwenye shati la bwana wangu ningeumia kidogo kuliko vile.

Sikumgombeza. Mama yangu alisema mwanamke anayegombana kwa wivu anamwonyesha mwenzake mahali pa kupiga. Niliwaza hivi: kilichompeleka kule ni mashine. Basi mashine ije nyumbani.

Kwanza niliambiwa juu ya karani mmoja mstaafu wa kule Buluo, aliyekuwa na mashine yake ya kupigia chapa, ya chuma, ya zamani. Nilipanda baiskeli ya kukodi hadi kwake. Mashine ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na utepe wake wa wino ulikuwa bado unafaa. Mzee akaniwekea karatasi nijaribu. Nikapiga jina la mji wetu polepole kwa kidole kimoja, na herufi zote zikatokea isipokuwa a. Mkono wa a ulikuwa umevunjika. Yule mzee, mtu mwema, alisema kwamba kwa Kifaransa mtu anaweza kuizunguka kidogo na kuijaza kwa kalamu baadaye. Nilitazama neno langu kwenye karatasi. Kiswahili kikiondolewa a hakibaki kitu, ni meno tu bila ulimi. Nikamshukuru, nikarudi.

Halafu kulikuwa na mfanyabiashara wa barabara kuu aliyetaka kunikodisha mashine ya umeme yenye kidirisha kidogo. Uliandika mstari mmoja, ukauona kidirishani, ukausahihisha, ndipo ikaupiga. Ilikuwa nzuri, lakini ilikula utepe wa namna yake ambao haukupatikana ila Afrika Kusini, na kila mwezi angekuja kudai kodi. Nilijua nyumba yangu. Kitu cha kodi kisingekaa kwetu hadi kitabu kiishe.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa nilipokwenda Kapolowe kuvuna mahindi kwa mama. Niliingia misioni kuwasalimu masista, na mmoja wao, yule aliyenifundisha kukata mifuko ya suruali, alinisikiliza hadi mwisho. Sikumwambia habari za wivu. Nilimwambia habari za kitabu. Akanipeleka stoo. Chini ya gunia kulikuwa na kompyuta ya zamani, kioo chake kinaandika kwa rangi ya kijani. Walipewa nyingine mpya zaidi, na hii hakuna aliyeitaka, kwa kuwa haikuwa na diski ya ndani. Kwa kila kitu ilitegemea disketi tu. Tulikubaliana hivi: ningewashonea wasichana wa bweni sare za mwaka ule, kitambaa chao, mkono wangu. Kompyuta ikapanda juu ya lori la mkaa pamoja na magunia yangu ya mahindi, nimeifunika kwa blanketi na kuikalia karibu kama mgonjwa.

Bwana wangu alipoiona juu ya meza yetu hakuruka kwa furaha. Aliizunguka, akagusa kioo. Akauliza ina programu gani ya kuandikia. Sikujua. Tukaiwasha, nayo ikatuonyesha alama moja ya kijani inayopepesa na kungoja, basi. Haikuwa na programu yoyote.

"Mashini iko," alisema, "lakini iko kama redio bila betri." Kisha akaongeza: "Na kule mujini nitasema nini?"

"Utasema aksanti," nilimjibu.

Alisema yule mwanamke anapiga haraka, na sura fulani ilikuwa katikati, si vizuri kuikata. Akaendelea kwenda. Kompyuta ikabaki mezani imefunikwa blanketi, na kila alasiri alipochukua mfuko wake wa plastiki niliitazama, nikajiona mjinga niliyeshona sare za shule nzima ili kununua kioo cheusi.

Niliulizia mjini. Fundi wa redio hakujua. Katekista aliyewahi kusoma Lubumbashi alisema programu kubwa ile haiwezi kuingia katika kompyuta isiyo na diski ya ndani, hata ukipewa bure, na kwamba zipo programu ndogo, lakini aliyezijua alikuwa ameshahamia Zambia. Mwisho ikawa wazi kwamba katika Likasi nzima mtu mmoja tu angeweza kunisaidia. Nilijizuia siku nyingi. Kisha asubuhi moja, nikijua bwana wangu yuko kiwandani, nikajifunga kitenge kizuri, nikaenda kwa yule mwanamke.

Nilimwambia wazi. Nilisema nina kompyuta nyumbani, nataka programu ya kuandikia isiyo ya bei, nataka kupiga kitabu cha bwana wangu mwenyewe. Nilidhani atatafuta sababu. Alifunga barua aliyokuwa akiipiga, akavuta sanduku la disketi kutoka chini ya meza.

Alikuwa nazo nyingi, zimeandikwa kwa kalamu. Alinieleza kila aliyoishika. Hii inafaa kwa hesabu, si kwa maandishi. Hii ni ya kuandikia, lakini inataka kumbukumbu kubwa kuliko ya mashine yako. Hii ni programu yake ileile kubwa, toleo la zamani, inaingia kwenye disketi nyingi na ungeshinda unazibadilisha kama mtu anayegeuza maandazi. Mwisho akatoa disketi moja ya buluu. Binamu yake aliyesoma Ubelgiji aliileta. Aliyeitunga alikuwa ameandika ndani yake kwamba mtu yeyote anaweza kuinakili na kumpa jirani, na anayeweza amtumie chochote.

Akaiwasha mbele yangu. Ilikuwa maskini. Haikuwa na herufi nene wala maumbo ya herufi. Ilikuwa na maandishi tu, na njia ya kufuta, ya kuhamisha aya, ya kutafuta neno, ya kuhifadhi. Nilimuuliza kama ina kamusi.

"Haina," alisema. "Hii haijue Kifaransa. Unaandika mutoto, inaacha mutoto."

Nikahisi raha ya ajabu kusikia hivyo. Kule kucheka kwao, kule kusimama kwenye kila neno, visingekuwemo. Programu hii ingenyamaza na kuandika.

Aliongeza jambo ambalo mimi nisingelijua. Programu ndogo ile ilihifadhi maandishi matupu, na maandishi matupu yanafunguka katika kompyuta yoyote. Ningeweza kupiga nyumbani, nikaleta disketi kwake, naye akachapa. Kwa hiyo hata hapo nisingemwepuka. Nilimtazama ili nijue kama anafurahi kwa hilo. Alikuwa akininakilia disketi, mgongo umeinama. Kisha aliisema bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida.

"Sitakudanganya, yaya. Kama bwana yako anakuja hapa, siku inakuwa mufupi. Njo ile tu. Kingine hakuna."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo na nimejiandaa kwa dharau. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa kweli, na kweli ile ilinichoma kuliko yote niliyoyawaza jikoni, kwa sababu hata mimi niliijua: kukaa karibu na mtu yule anapotafuta neno, na siku ikawa fupi. Nilimjibu kwamba nimesikia. Nikakaa kwenye kile kiti chenye mto, maana hakukuwa na kingine, naye akanifundisha kuhifadhi, kufuta, kurudisha nilichofuta. Alinifundisha vizuri. Aliniambia nihifadhi kila mwisho wa aya, kwa kuwa umeme wa Shituru haupigi hodi ukiondoka.

Kupiga kwenyewe kulikuwa taabu. Vidole vilivyozoea sindano vilikuwa vizito kwenye vibonye, na umeme uliniibia kurasa kadhaa kabla sijashika adabu. Lakini nilikuwa na ukaidi wa mwenye wivu, na huo ni mafuta mazuri. Niliomba karatasi za sura ambazo yule mwanamke hakuwa amezigusa. Bwana wangu alinipa bila kutaka, kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshike na kubaki amenyoosha mikono. Juma la kwanza alienda mjini kama kawaida. Juma la pili alianza kuchelewa kuondoka, akisimama nyuma yangu. Alisema nimeruka mstari. Alisema neno lile hatulitamki hivyo. Nilimwambia mimi ndivyo ninavyolitamka. Siku moja jua lilipoanza kushuka nikaona mfuko wa plastiki bado uko msumarini.

Kisha nikamwambia alete na zile sura zilizokwisha kupigwa mjini. Alinitazama. Nadhani alijua nilikuwa natafuta ipi.

Ilikuwa sura ya nyumba yetu wenyewe. Niliisoma nikiwa peke yangu, mchana, na kuku uani. Alikuwa ameandika kwamba msimamizi alimwita kutoka kwenye meza ya kuchorea, akatembea kutoka kiwandani hadi nyumbani akiwa bado ameshika rula, na hakujua kwamba anayo. Kwamba alipoingia alikuta mtoto ameshaogeshwa, amevikwa nguo nyeupe, na mimi nimekaa ukutani nimenyamaza, na aliogopa kunigusa. Kwamba tangu hapo aliniogopa kidogo. Hayo ndiyo aliyompa mwanamke mwingine ayapige.

Nililia kwanza kwa wivu, kisha kwa mtoto, kisha sikujua tena nalilia nini. Halafu nikaanza kuipiga sura ile upya, neno kwa neno, na nilipofika kwenye nguo nyeupe mkono wangu ukasimama. Yeye hakuwa amesema nani alimwogesha mtoto. Hakujua. Nikaongeza kwa maneno yangu kwamba alikuwa mama wa nyumba ya mbele yetu, yule Mkasai mnene aliyeuza karanga. Kwamba alisikia ukimya, si kilio, akavuka barabara bila viatu. Kwamba alimwondoa mtoto mikononi mwangu, akachemsha maji kidogo kana kwamba mtoto angeweza kusikia baridi, akamwogesha akimwimbia kwa Kiluba cha kwao Kasai.

Bwana wangu aliyasoma maneno yale jioni kwenye kioo cha kijani. Nilidhani atauliza kwa nini nimeingiza mkono wangu katika kazi yake, na alianza hivyo kweli.

"Nani alikuambia uongeze?"

"Hakuna," nilisema. "Minye njo nilikuwa pale. Weye ulikuwa kazini."

Alisema mama yule tulikaa mkabala naye miaka mingi, na siku ya treni yeye alimsaidia kubeba sufuria tu, akampa mkono kama anavyowapa watu wote. Angejua, angemuaga kwa namna nyingine. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia hakuniuliza. Nikamuuliza nami kwa nini yeye alimwambia yule wa mjini. Alijibu kwamba hakumwambia, alimpa karatasi. Karatasi haimtazami mtu usoni. Nilimwambia mimi pia ninajua kusoma. Tulizungumza jioni ile juu ya mtoto wetu, jina lake tukalitaja, na hakufuta sentensi yangu hata moja.

Kitabu kilipoisha nilipeleka disketi mjini mwenyewe. Mwanamke aliifungua, maandishi yakatokea yote kama alivyosema, naye akaanza kuyachapa. Alipofika kwenye sura yetu alisoma, akaweka kidole kwenye aya ya mama wa karanga, akaniambia hii si ya bwana wangu, ni yangu. Nikakubali. Hakusema kama ni nzuri. Alisema tu kwamba bwana wake mwenyewe aliondoka na mojawapo ya treni zile, na huenda yeye na mama yule walikaa behewa moja. Alichapa nakala chache, na karatasi alitoa yeye.

Mapadri wa Lubumbashi walijibu kwa upole kwamba wao huchapa katekisimu na vitabu vya nyimbo, maandishi yetu ni mazuri lakini hayana mahali kwao. Nakala zikatembea mtaani badala yake, mkono kwa mkono, hata kwa wale wageni waliohamia nyumba za watu. Zilirudi zimechakaa, pembeni zimejaa masahihisho ya watu kwa kalamu za rangi zote.

Mwaka uliofuata yule mwanamke alipata kazi katika ofisi ya kanisa Lubumbashi, akafunga chumba chake. Alikuja Shituru kutuaga, akakaa nje kwetu, akala bukari na sombe yangu, na mimi nilimpakulia vizuri. Alipoondoka nilifurahi, sisemi uongo, na usiku sikuota kitu kibaya. Lakini niliona kwamba bwana wangu, akikwama kwenye sentensi, huinua macho kutazama upande wa mjini kabla ya kuniuliza mimi. Huniuliza, ndiyo. Mimi ni wa pili.

Kila lori lililokwenda Lubumbashi lilibeba salamu zetu kwa yule mwanamke, za bwana wangu na zangu kwa pamoja, na kila lililorudi lilileta zake. Nikizipokea nilimkaribisha dereva maji, nikamuuliza hali ya barabara, nikamuuliza bei ya mahindi kule. Kisha, nikiwa nachukua kikombe, nilimuuliza, yule mwanamke alipotusalimia, alimtaja nani kwanza.